Chembe za Gome

Kituo cha Juu, 2 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mvua imeanza mapema, nguo hazikauki, na wifi yako anakusalimu sana.

Ndani ya barua hii kuna bahasha ndogo. Tafadhali usiifungue kwa pupa, wala usiifungulie karibu na dirisha. Kilichomo ni chepesi kuliko majani ya chai.

Unalijua korongo la maporomoko, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka kituoni. Pale kuna mwamba ambao sijauona ukikauka hata siku moja tangu nianze kazi hii ya ulinzi wa msitu, na mwaka huu ni wa kumi na tisa. Umefunikwa na kitu ambacho miaka yote nilikiita ukoga, kama kila mtu. Mwezi uliopita nilikisogelea na kile kioo cha kukuzia ulichonipa. Dada, ukoga una majani! Yamepangwa mistari miwili kama vigae vya paa, na kila jani lina meno pembeni kama msumeno. Nikakumbuka ile karatasi uliyonionyesha kazini kwako, yenye mchoro wa kimea alichokieleza yule mwalimu mzee miaka hamsini iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyekiona tena.

Sijivishi kilemba. Mjuzi ni wewe. Ila fanya haraka, maana mradi wa maji umeuchagua mwamba huohuo. Mwisho wa Mei watapiga baruti, wachonge mahali pa kukingia maji ya mji wa chini. Kamati imesema mwenye hoja aipeleke kwa maandishi kabla ya hapo. Injinia wao ameshapita hapa mara tatu, na kila mara ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nimekichuma jana, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mdogo wako,
Tiara


Chumba cha Mimea Mikavu, 14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Bahasha imefika salama, imebonyea pembe moja tu.

Nilidondosha tone la maji juu ya kile kikonyo kikavu, nikahesabu. Kabla sijafika ishirini kilikuwa kimejikunjua na kuwa kijani, kama kimelala tu. Miaka yote hii kazini na bado jambo hilo hunifanya nicheke peke yangu.

Sasa nikueleze nilichokiona kwenye hadubini. Si kuvumwani wa kawaida, kile kimea laini cha kijani cha kwenye mawe, kwa sababu majani hayana mshipa katikati. Ni wa ile jamii tunayoiita mimea-ini, kwa kuwa baadhi yao hufanana na ini. Mistari miwili ya majani, kama ulivyosema. Chini ya kikonyo kuna mstari wa tatu wa vijani vidogo zaidi, kila kimoja kimepasuka katikati kama kwato ya mbuzi. Meno ya pembeni ni tisa mpaka kumi na moja. Nilitoa kabatini kielelezo cha mwalimu mzee, kile kimea alichokikausha mwenyewe, nikaviweka pamoja. Vinafanana.

Lakini kufanana hakunitoshi. Kuna kimea kingine, cha kawaida kabisa, kinachoota kwenye magome ya miti milima yote, na kikiwa kikavu ni pacha wa hiki. Na ndipo ninapokwama, Tiara. Katikati ya vijizizi vya kielelezo chako nimekuta chembe za gome. Si moja, ni nyingi. Lebo inasema "mwamba". Mwamba hauna gome.

Halafu lebo yenyewe haina mwandiko wako. Herufi zako huinama kama zinasukumwa na upepo, hizi zimesimama wima kama askari. Nani kaandika?

Jambo la mwisho. Mbona siku hizi hupigi simu? Ulikuwa ukipanda kile kilima nyuma ya kituo kila Jumapili kutafuta mtandao. Ni wiki ya tano sasa.

Dada yako


Kituo cha Juu, 25 Machi

Dada,

Shikamoo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Umeletewa kitu ambacho watu wamekitafuta nusu karne, wewe unakagua mwandiko wa lebo!

Aliyeandika ni wifi yako. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu, na mikono yangu ilikuwa na tope. Magome yanaanguka kutoka juu, korongo lote lina miti. Simu imeingia maji. Umeridhika, ofisa wa upelelezi?

Nami nina swali langu. Injinia alipita juzi. Akakaa, akanywa chai, akasema, "Dada yako ni mtu muelewa sana. Tulikaa ofisini kwake zaidi ya saa nzima." Nikamuuliza mlizungumza nini. Akasema, "Mambo ya kitaalamu tu, mzee."

Katika barua yako nzima umeniandikia kwato za mbuzi na askari, lakini Injinia hukumtaja hata kwa bahati mbaya. Kulikoni?

Tiara


Chumba cha Mimea Mikavu, 6 Aprili

Tiara,

Injinia alikuja, ndiyo. Sikumtaja kwa sababu alisema jambo ambalo nilitaka kwanza kulipima kimyakimya, na barua yako imenifanya nisiweze kulinyamazia tena.

Alisema kimea hiki kimezuka ghafla mno, wiki chache kabla ya baruti. Alisema mwenye nyumba ya wageni pale juu ana sababu zake za kutaka maporomoko yabaki, maana wageni wake hulala pale kwa ajili ya kuyatazama. Na akasema gari la mwenye nyumba huyo limeonekana mlangoni kwako si mara moja wala mbili. Nilimjibu kwamba mdogo wangu hanunuliki. Alipoondoka nikarudi kwenye hadubini, zile chembe za gome zilikuwa bado ziko palepale.

Nataka kukuamini. Nitakuambia kwa nini nashindwa. Baba alipougua uliniandikia barua nne. "Baba anakula vizuri." "Baba jana katembea mpaka barabarani." Nilikuwa katika mitihani ya mwisho, nikazisoma nikalala usingizi. Barua ya nne niliipokea Alhamisi. Baba alikuwa amezikwa Jumatatu. Ulisema hukutaka nifeli. Sikufeli. Lakini tangu siku hiyo nikiona barua yako ina uchangamfu kupita kiasi, machale yananicheza. Na hizi mbili ni changamfu sana.

Basi tufanye hivi. Kimea kikiwa kibichi, ndani ya kila seli ya jani mna vitone vya mafuta. Cha mwalimu mzee kina vitone viwili vikubwa vya rangi ya kahawia. Kile cha kawaida kina vidogo vingi, kama mtama. Kikikauka, vitone vyote hupotea na hakuna tena wa kuvitofautisha. Kwa hiyo nitumie kibichi, ndani ya chupa yenye maji ya hapohapo mwambani, kwa lori la mboga la Jumanne, kinifikie siku ya pili. Na chora ramani ya mahali ulipokichuma, uichore wewe mwenyewe.

Kama kweli kimetoka mwambani, hili ni jambo la nusu siku kwako.

Dada yako


Kituo cha Juu, 15 Aprili

Dada,

Njia ya korongoni imekatika kwa maji. Haipitiki kwa sasa. Nitatuma ikipitika.

Mwenye nyumba ya wageni ni jirani. Jirani akija mlangoni kwangu sihitaji kibali cha Injinia.

Mambo ya Baba sikudhani ungeyaweka kwenye karatasi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikimsafisha na kumgeuza kitandani peke yangu, na jioni ninakaa nikutungie barua nzuri. Unadhani ilikuwa rahisi?

Unaweza kuamini unachotaka.

Tiara


Chumba cha Mimea Mikavu, 28 Aprili

Tiara,

Nimesubiri malori mawili ya Jumanne. Mboga zimefika, chupa haijafika. Dereva nilimuuliza njia ikoje. Kasema huko mvua imepumzika wiki nzima na watu wanapita korongoni na kuni vichwani.

Sitakuficha nilichofanya. Juzi, tarehe 26, niliiandikia kamati. Nimesema kielelezo nilicholetewa kinafanana na kimea adimu, lakini mahali kilipotoka hapana uthibitisho, na kwamba siwezi kukisimamia. Nimesaini. Mkuu wangu wa kitengo amegonga muhuri.

Mji wa chini wanapanga ndoo tangu alfajiri, nawe unajua. Siwezi kuwaambia watu hao wasubiri kwa sababu ya bahasha ninayoitilia shaka. Kama nimekosea, nionyeshe.

Dada yako


Kituo cha Juu, 4 Mei

Wifi,

Shikamoo. Mimi si mtu wa barua, kwa hiyo nisamehe nikienda moja kwa moja.

Barua yako ya juzi imesomwa hapa ndani, mdogo wako akageukia ukutani. Nimechoka kutunza siri ya watu wawili wenye akili nyingi.

Tiara amevunjika mfupa wa paja. Aliteleza pale mwambani tarehe 11 Februari, akinyoosha mkono kukichuma hicho kimea chenu. Alilala ndani ya maji mpaka wakata kuni walipomkuta. Yule mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyetoa gari likampeleka hospitali, na ndilo linalompeleka kila baada ya wiki mbili kutazamwa. Hilo ndilo gari la mlangoni. Mwambie Injinia wako. Yeye kila akija humkuta mdogo wako amekalishwa kitini, shuka magotini, wala hajui.

Hapandi kilima kupiga simu kwa sababu hata chooni anakwenda kwa kunishika bega. Simu haikuingia maji, imo kabatini. Aliniapisha nisikwambie. Kasema, "Dada anangoja kupandishwa cheo mwaka huu. Akijua ataacha kila kitu aje kunikalia kitandani." Nikamwambia ni uongo uleule wa Baba. Akasema, "Ule ulifaulu." Mimi nikatoka nje kwa hasira, nikapasua kuni.

Aliyekwenda korongoni ni mimi. Mwamba wenyewe siufikii, maji ni mengi na mimi siyajui mawe yake. Lakini chini yake limelala gogo kubwa lililoanguka zamani, linarushiwa maji usiku na mchana, na kimea kimelivamia upande mzima. Nilikikwangua hapo kwa kisu cha jikoni. Niliporudi nikamwambia wazi, hiki ni cha gogoni. Akasema andika mwamba, nilikiona mwambani kwa macho yangu, ni kilekile. Nikaandika. Hapo tumekosa, yeye na mimi, na wewe ulikuwa na haki ya kuuliza.

Lakini hukuuliza kama yu mzima. Soma barua zako uone. Umeuliza magome, lebo, gari. Ulipouliza habari za simu nilifikiri sasa atagundua, kumbe nayo uliitia kwenye orodha ya makosa.

Chupa sikuileta kwa sababu jamaa wa mradi wameshafika korongoni. Wananizuia, wanasema ni eneo la kazi. Jana nimesikia mashine inatoboa.

Njoo, au usije. Lakini usiandike tena.

Wifi yako


Kwa Katibu wa Kamati ya Mradi wa Maji
17 Mei

YAH: KUFUTA BARUA YANGU YA TAREHE 26 APRILI

Ndugu Katibu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kuomba barua yangu iliyotajwa ifutwe, na nieleze sababu bila kujitetea.

Tarehe 9 Mei nilipanda mlimani na hadubini ya kazini, nikiwa nimeipakata njia nzima. Tarehe 10, nikiongozwa na mke wa mlinzi wa msitu, nilifika korongoni. Kijana mmoja wa mradi alitaka kutuzuia. Mke wa mlinzi alimwambia, "Mwanangu, huyu ndiye aliyesaini mpate ruhusa. Unamzuia asione alichosaini?" Akatupisha.

Nilikuta mashimo manne ya baruti yametobolewa. Uso wa mwamba, karibu nusu yake, umesuguliwa kwa brashi za chuma ili wapate kuweka alama za rangi. Upande uliosuguliwa hakuna kitu. Upande uliobaki, chini ya ukingo ambapo maji hutiririka, kuna kiraka kinachoweza kufunikwa na viganja viwili. Nilichukua kipande kisichozidi ukucha. Nilichukua kingine kwenye gogo lililo chini yake.

Nilivitazama vyote viwili siku hiyohiyo, vikiwa vibichi, juu ya meza ya jikoni ya nyumba ya mlinzi, mchana, kwa mwanga wa dirisha. Seli baada ya seli zina vitone viwili vikubwa vya kahawia. Nilihesabu seli mia mbili. Kimea cha mwambani na cha gogoni ni kimoja, nacho ndicho kile kilichoelezwa miaka hamsini iliyopita. Sijui mahali pengine popote kinapopatikana leo.

Chembe za gome zilizonitia shaka zilitoka kwenye gogo hilo. Lebo ilikosea kusema mwamba. Lakini barua yangu ya tarehe 26 Aprili haikutokana na lebo peke yake. Nilimshuku aliyeniletea kwa sababu ya jambo la zamani la nyumbani kwetu, lisilohusiana na mmea wowote, na nikaliacha lishike kalamu. Kamati ina haki ya kujua hivyo. Mkuu wangu wa kitengo nimemweleza vilevile, naye atachukua hatua anazoona zinafaa.

Siombi mradi usimamishwe. Mji unahitaji maji. Hatua mia mbili na kumi chini ya maporomoko, mto unapinda na kuna jiwe lisilo na kimea hiki. Nimelikagua kwa magoti. Naomba mainjinia walitazame.

Wako katika kazi,
Mtunza mimea mikavu


Kituo cha Juu, 21 Juni

Dada,

Shikamoo.

Tumepata majibu, na nadhani nakala yako iko njiani. Wamehama. Watakinga maji pale kwenye kona, ulipokagua kwa magoti. Injinia alikuja mwenyewe kutuambia. Safari hii hakunywa chai. Alisimama mlangoni akasema, "Mzee, umenichelewesha miezi minne." Nikamwambia wewe umesugua nusu ya kitu kilichokuwa hakipo kwingine duniani, kwa hiyo tusianze kudaiana. Akatazama mguu wangu, akasema pole. Nadhani alimaanisha.

Mji wa chini hawafurahi. Wifi yako alishuka kununua sabuni, mwanamke mmoja kwenye foleni ya ndoo akamwambia, "Ndio nyinyi mnaotunyima maji kwa sababu ya ukoga?" Wifi yako aliibeba ndoo ya mama yule mpaka kwake, basi. Aliporudi aliniuliza yeye angejibu nini.  

Mguu umeunga, lakini umeunga mfupi. Daktari amesema doria nisahau. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu nikaichana mara mbili, sasa naiacha. Natembea kwa mkongojo mpaka uani. Napata maumivu asubuhi kuliko jioni. Kuna siku sitaki kuongea na mtu. Hizo ndizo habari zangu.

Idara ya misitu imempa wifi yako kazi ya kuangalia kile kiraka. Anakwenda Jumatatu na Ijumaa, anakipima kwa rula, anaandika. Sare yangu ameikunja miguuni mara mbili. Wiki ya kwanza alirudi akasema hakijakua, wiki ya pili hakijakua, wiki ya tatu akaniambia, "Mume wangu, nimewahi kuona wavivu, lakini huyu!" Nikamweleza kwamba miaka mitano ikipita pengine atakuwa ameona upana wa punje ya mchele. Akaniuliza kama mshahara ni wa miaka mitano pia.

Nimesikia habari za cheo chako, kwamba wamempa mwingine. Sikuisikia kwako. Imenibidi niisikie kwa dereva wa lori la mboga! Uliniandikia kurasa mbili baada ya kurudi, zimejaa dawa za mguu na namna ya kunyoosha goti, na hilo hukuligusa. Sasa unajua nilivyokuwa nikifanya, na sababu zake.

Siku ile uliyokuja, nilisikia hatua zako uani kabla hujabisha, nikavuta shuka mpaka kidevuni kama mtoto. Ulisimama mlangoni na lile sanduku la hadubini kifuani, hukulitua. Nilingoja uanze kunisema. Ukasema, "Umekonda." Nami nikasema, "Na wewe." Siku tatu ulizokaa tuliongea vitone vya mafuta na hali ya njia. Ulilala chumba cha pili, nikakusikia ukijifanya umelala, nawe najua ulinisikia.

Bado nina hasira, Dada. Ulisaini. Nusu ya ule mwamba imekwenda na sahihi yako, nusu nyingine nusura ife na uongo wangu, na kila wifi yako akirudi na rula yake nawaza hivyo. Sijui hasira hii itaisha lini. Siwezi kukuandikia kwamba imeisha.

Njoo Agosti, njia ikikauka. Usilete dawa. Tukae mezani tugombane mpaka tumalize, wifi yako awe mwamuzi. Kwa barua, mimi na wewe tunajua kufichana tu.

Mdogo wako,
Tiara